Chumba cha watoto cha gym na magonjwa: maswali mnayoniuliza kila msimu wa baridi

Nilifanya kazi misimu mitatu ya baridi kwenye chumba cha watoto cha gym moja hapa Minnesota. Kabla ya hapo nilikuwa upande wa pili wa mlango: mama anayekabidhi mtoto haraka haraka na kukimbilia mazoezi kabla hajalia. Maswali haya ni yale yanayorudi kila mwaka kwenye makundi yetu ya WhatsApp, kwenye maegesho ya magari, na baada ya ibada. Mimi si daktari, na palipo na jambo la daktari nimesema.

## Mambo ya msingi

1. Chumba hiki ni daycare au si daycare?

Si daycare. Ni huduma ya kukushikia mtoto wakati wewe uko ndani ya jengo hilo hilo unafanya mazoezi. Sehemu nyingi mwisho ni saa mbili kwa siku, na ukitoka kwenda dukani umevunja masharti. Kwa kuwa mzazi hajaondoka, majimbo mengi ya Marekani hayadai leseni ya malezi kwa vyumba vya namna hii. Daycare yenye leseni hukaguliwa na hutunza kumbukumbu za chanjo. Chumba cha gym huendeshwa kwa kanuni za gym yenyewe. Kuna vinavyoishinda daycare kwa usafi, na kuna ambavyo kanuni zake ni karatasi moja iliyofifia mlangoni.

Jambo lingine ni mzunguko wa watoto. Daycare ina watoto wale wale Jumatatu hadi Ijumaa. Kwetu mtoto wa saa tatu asubuhi hakumjua wa saa tano, ila walitafuna treni moja.

2. Mbona tangu tuanze gym mtoto haishi kuumwa?

Kwa sababu alikuwa hajakutana na vijidudu vya watoto wengine, na sasa anakutana navyo kwa mkupuo. Virusi vya mafua viko vya aina zaidi ya mia, na kupona aina moja hakumkingi na ya jirani yake. Mwenye kaka au dada anayesoma shule kwa kawaida huwa ameshaanza kuvipata nyumbani. Mtoto wa kwanza, aliyelelewa na bibi ndani ya nyumba, ndiye anayeonekana kama karogwa mwezi wa kwanza wa gym.

Kuna utafiti uliofuatilia watoto wa Tucson, Arizona, kwa miaka mingi. Waliolelewa kwenye daycare kubwa waliugua mafua zaidi wakiwa na miaka 2, lakini waliugua kidogo kuliko wenzao walipofika umri wa shule. Walipofikisha miaka 13 wote walikuwa sawa. Kwa hiyo kwa kiasi fulani deni ni lile lile, tofauti ni lini unalilipa. (Hii haihusu mtoto mchanga, soma swali la 10.)

3. Kuumwa mara ngapi ni kawaida?

Mtoto ambaye hajaanza shule hupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka. Anayechanganyika na kundi la watoto anaweza kufika mara 10 au 12 na bado ni mzima. Kila mafua huchukua siku 7 hadi 10, na kikohozi huweza kubaki nyuma wiki mbili tatu zaidi. Piga hesabu: mafua 8 ya siku 10 ni siku 80, na mengi huangukia kati ya Oktoba na Aprili, yaani siku kama 210. Karibu siku mbili katika kila tano mtoto ana kamasi. Ukiona hivyo hujakosea kitu.

Kisicho kawaida ni nimonia inayojirudia, usaha masikioni usioisha, uzito kusimama, au kila mafua kuishia kwenye kukoroma kifuani. Hayo mpelekee daktari, usiulize kwenye kundi.

4. Lakini si baridi ndiyo inayoleta mafua? Pale gym wanawavua viatu.

Mama yangu ataniandikia ujumbe akisoma hili. Sakafu ya baridi haina mafua. Mafua huletwa na virusi, na virusi huletwa na mtu. Msimu wa baridi ni mbaya kwa sababu sote tunajifungia ndani, madirisha hayafunguliwi, na hewa inakaushwa na hita hadi pua za watoto zinapasuka. Mvalishe soksi kwa sababu nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, lakini hazitamkinga na mtoto anayepiga chafya pembeni yake.

5. Magonjwa gani hasa yanapita pale, na nitajuaje kama aliyapata gym?

Mafua ya kawaida ndiyo mengi kuliko yote. Yakifuatiwa na RSV, kirusi ambacho kwa mkubwa ni mafua tu lakini kwa mchanga hushuka kifuani; influenza; kuhara na kutapika kwa norovirusi; ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo; na macho mekundu, yale yale yaliyosumbua Dar es Salaam mwanzoni mwa 2024. Mara chache mapunye na chawa.

Kila ugonjwa una muda wake kati ya kuambukizwa na kuonekana. Norovirusi ni saa 12 hadi 48. Influenza siku 1 hadi 4. RSV siku 4 hadi 6. Mikono, miguu na mdomo siku 3 hadi 6. Tetekuwanga siku 10 hadi 21. Upele wa surua hutokea kama wiki mbili baadaye. Basi ukija na hasira kwamba mtoto alikuja jana na leo ana tetekuwanga, kwetu hakuipata jana. Hesabu nyuma. Mara nyingi utafika kwenye sherehe fulani ya kuzaliwa.

## Kabla ya kumpeleka

6. Ana kamasi tu, nimpeleke?

Kama hana homa, anakula, anacheza na anapumua vizuri, madaktari wa watoto wa Marekani hawaoni sababu ya kumzuia. Rangi ya kamasi haina maana mnayoipa: kamasi huwa za kijani au njano siku ya nne ya tano ya mafua ya kawaida kabisa. Ila gym nyingi ni kali kuliko madaktari, na mhudumu anaweza kukurudisha mlangoni kwa kamasi nzito au jicho jekundu. Usigombane naye. Hana mamlaka ya kubadilisha kanuni zilizoandikwa kwenye karatasi ya mlangoni.

7. Nikimpa Tylenol asubuhi na homa ikashuka, si amepona?

Hili ndilo swali ninaloombea watu wote wasome. Tylenol ni dawa ile ile tunayoiita Panadol. Hushusha homa kwa saa nne hadi sita, na haigusi kirusi hata kimoja. Nakumbuka mtoto mmoja aliyeletwa saa tatu asubuhi, mchangamfu, mashavu ya moto kidogo. Mama yake akasema, "Dada, hana kitu, ni meno tu." Saa nne na nusu alikuwa amelala juu ya zulia akitetemeka, kipimo kinasoma nyuzi 39.2, na wenzake sita walikuwa wameshachezea gari alilokuwa amelishika mdomoni.

Kanuni ni moja: saa 24 bila homa, bila dawa. Homa ni kuanzia nyuzi 38.

Na meno hayaleti homa ya 38. Yanaleta udenda na hasira. Hapo ndipo nyumbani Afrika Mashariki tulipopotea hadi watoto wakatobolewa fizi kutafuta "meno ya plastiki", wakati ugonjwa wenyewe ulikuwa kuhara au malaria. Ukiona joto, usiliite meno.

8. Alitapika jana usiku, asubuhi yuko sawa kabisa.

Mbakishe nyumbani. Gym nyingi huandika saa 24, mimi nakwambia 48 tangu atapike au aharishe mara ya mwisho. Norovirusi inahitaji chembe chache mno kumwangusha mtu, na mtoto huendelea kuitoa kwenye choo kwa wiki mbili au zaidi baada ya kupona. Ndiyo maana kunawa baada ya kubadilisha pampasi kunaendelea hata akiwa mzima.

9. Wanakagua chanjo?

Wengi hawakagui, kwa sababu iliyo kwenye swali la 1. Kwa hiyo kinga ya mtoto wako ni ile aliyochanjwa yeye.

Ninaowafikiria zaidi ni watoto waliozaliwa kule nyumbani, Afrika Mashariki. Tanzania na Kenya chanjo ya surua hutolewa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, nayo ni ya surua na rubela. Marekani ya kwanza ni miezi 12 hadi 15, ya pili miaka 4 hadi 6, na ndani yake kuna matumbwitumbwi pia. Dozi yoyote ya kabla ya mwaka mmoja hapa haihesabiwi. Peleka ile kadi ya kliniki ya nyumbani, hata kama imechakaa, daktari ahesabu mwenyewe. Usiseme "alichanjwa" ukaishia hapo.

Hapa Minnesota mwaka 2017 surua iliwapata watu 75, wengi wao watoto wa majirani zetu Wasomali ambao hawakuchanjwa, na ilitembea kupitia vituo vya kulelea watoto. Mlipuko wa surua wa magharibi mwa Texas mwaka 2025 ulifika wagonjwa 762. Kirusi chake hubaki hewani hadi saa mbili nzima baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Kwenye chumba cha gym hiyo inatosha zamu mbili za watoto.

10. Gym inapokea watoto kuanzia wiki 6. Nimpeleke wa miezi miwili?

Kukubaliwa si kushauriwa. Chini ya miezi 3, homa ya nyuzi 38 peke yake ni safari ya hospitali ya dharura, hata saa nane za usiku, na mara nyingi humaanisha kutolewa damu na kulazwa. Kwa mafua ambayo kaka yake angeyamaliza kwa siku chache. Mimi nisingempeleka mchanga kati ya Novemba na Machi. Ukilazimika, uliza mapema kuhusu kinga ya RSV: kuna chanjo ya mama akiwa na ujauzito wa wiki 32 hadi 36, na kuna sindano ya nirsevimab kwa mtoto. Zote ziliidhinishwa Marekani mwaka 2023.

## Ndani ya chumba

11. Siku ya kwanza nitazame nini?

Usitazame rangi za ukutani. Tafuta ndoo ya vitu vilivyotiwa mdomoni. Chumba kinachojua kazi yake kina chombo, mara nyingi beseni lenye kifuniko, ambamo kila kilichonyonywa hutupwa hapo hapo hadi kioshwe. Kama hakipo, basi kilichotoka mdomoni kinarudi kwenye rafu.

Kisha mtazame mhudumu anavyosafisha meza. Dawa ya kuua vijidudu lazima ikae ikiwa mbichi dakika zilizoandikwa kwenye chupa, nyingine hadi 10. Akipuliza na kufuta papo hapo ameisambaza tu. Nilifanya hivyo miezi miwili nzima kabla mtu hajanionyesha yale maandishi madogo. Tulikuwa na haraka, watoto wako mlangoni, na meza ikinukia limau unaona kazi imekwisha.

Uliza pia: nani anabadilisha pampasi? Kwenye gym nyingi wahudumu hawabadilishi, wanakuita wewe. Inakera ukiwa katikati ya mazoezi, lakini mikono inayogawa biskuti haijapita kwenye kinyesi. Mimi naihesabu kuwa sifa.

12. Sanitaiza mlangoni inatosha?

Kwa mafua na influenza inasaidia, ikiwa na alkoholi asilimia 60 au zaidi. Kwa norovirusi haifai kitu cha maana. Sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, mkiingia na hasa mkitoka. Ukifanya jambo moja tu kwenye ukurasa huu, mnawishe mkitoka, kabla hujampa ndizi kwenye gari.

13. Kile kidimbwi cha mipira?

Mwaka 2019 watafiti walipima vidimbwi vya mipira kwenye kliniki za mazoezi ya viungo jimboni Georgia, wakakuta aina 31 za bakteria. Nyingi hazimdhuru mtoto mzima. Ila mipira mia tano huwezi kuiosha kila jioni, na nepi iliyovuja haionekani chini. Mpeleke kwenye vitabu.

## Akishaugua

14. Ana vipele viganjani na hataki kula. Picha za mtandaoni hazifanani na ngozi yake.

Hazifanani kwa sababu nyingi zinaonyesha wekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi zetu upele ule ule huweza kuwa wa kahawia iliyokoza, zambarau au kijivu, na wakati mwingine huuoni bali unausikia kwa kidole. Tazama pale ngozi ilipo nyepesi: viganja, nyayo, ndani ya mdomo. Vidonda mdomoni pamoja na malengelenge ya mikono na miguu ndiyo ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo. Hauna dawa yake. Mpe vitu vya baridi, mtindi, maji kwa kijiko, na hesabu pampasi zilizolowa. Wiki kadhaa baadaye kucha zinaweza kubanduka. Usishtuke, zitaota nyingine.

15. Daktari kakataa kumpa antibiotiki. Anatudharau?

Hapana. Antibiotiki haziui virusi, na karibu kila kilichotajwa kwenye swali la 5 ni virusi. Tumezoea nyumbani kuingia duka la dawa na kutoka na amoksilini, kwa hiyo kurudi mikono mitupu kunauma, hasa ukiona bili. Muulize badala yake: "Nione nini ndipo nimrudishe?" Atakujibu, na jibu hilo lina thamani kuliko chupa.

16. Dawa zetu za nyumbani je?

Asali na ndimu kwa kikohozi: nzuri, ila asali kamwe kwa aliye chini ya mwaka mmoja. Vicks: si kwa aliye chini ya miaka 2, na si puani kwa yeyote. Aspirini: hapana kwa mtoto. Dawa za mafua za dukani: achana nazo kwa wadogo. Ibuprofeni: baada ya miezi 6. Dozi ya Tylenol hupimwa kwa uzito, si kwa kijiko cha chai. Kwa kuhara ni ORS, hapa iko tayari kwenye chupa. Chai ya rangi yenye sukari haitoshi.

17. Lini nikimbie hospitali?

Mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi, pua zikitanuka, au akiguna. Midomo ikibadilika rangi. Kwa mtoto mweusi tazama fizi na ulimi. Asipokojoa kwa muda wa saa nane. Akiwa mlegevu hata homa ikishuka. Shingo ikikakamaa. Mchanga mwenye 38, kama ilivyo kwenye swali la 10. Akishindwa kupumua, piga 911, namba ya dharura. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukupa mkalimani wa Kiswahili bila malipo, kwa simu au video, kwa hiyo usimtumie binti yako wa miaka 10 kutafsiri.

18. Alipatwa na degedege. Ni gym?

Degedege la homa huwapata watoto 2 hadi 5 katika kila 100, kati ya miezi 6 na miaka 5, na homa yoyote inaweza kulianzisha, hata ya kirusi cha kawaida. Mlaze ubavu. Tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimwagie maji, usimfukize. Likizidi dakika 5, au kama ni mara ya kwanza maishani, piga 911. Linatisha kuliko chochote utakachokiona, lakini lile fupi kwa kawaida haliachi madhara.

## Mambo ya pembeni

19. Tumerudi likizo Tanga wiki mbili zilizopita, akaenda gym mara moja, sasa ana homa.

Sahau gym. Homa ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka kwenye nchi ya malaria ni malaria hadi damu ikanushe, na watoto waliozaliwa Marekani hawana kinga yoyote ya kuizoea. Daktari wa hapa anaweza kukuambia ni virusi tu, kwa kuwa wiki hiyo ameona watoto thelathini wenye virusi. Sentensi yako ya kwanza iwe: "Tumetoka Tanzania, naomba apimwe malaria leo." Leo, si kesho.

20. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Mtoto kaleta tumbo, na mimi limeanza.

Wengi wetu ndio kazi yetu hii, ndiyo maana nimeliweka. Kirusi kinachomtapisha mtoto siku mbili humlaza mzee wa miaka 85. Kaa nyumbani saa 48 baada ya dalili kuisha. Marekani haina sheria ya taifa zima ya likizo ya ugonjwa yenye malipo, lakini Minnesota tangu 1 Januari 2024 unapata saa 1 kwa kila saa 30 ulizofanya kazi, hadi saa 48 kwa mwaka, na inahusu pia kumuuguza mtoto. Wakala aliyekuajiri asikuambie wewe ni wa muda tu kwa hiyo hustahili.

21. Gym inirudishie hela?

Soma mkataba, kuna ukurasa ulioutia saini ukikubali hatari hii, na kuthibitisha kuwa kirusi kilitoka chumba kile ni kazi isiyowezekana. Kinachowezekana ni kuomba kusimamisha uanachama mwezi mmoja. Omba kwa maandishi.

22. Kumbe mwanangu ndiye aliyewaambukiza. Niseme?

Sema, hata kwa ujumbe wa usiku. Hatukutaji jina. Kuna mama alituachia ujumbe: kijana katapika saa nne usiku, na mchana alishinda kwenye kona ya vitabu. Kwa sentensi hiyo tulijua pa kuanzia. Tulitupa vitabu vya kitambaa, mito ikaenda kwenye maji ya moto, na asubuhi kabla ya kufungua tulipaka kona nzima klorini ya maji ya nyumbani (bleach), vijiko 5 vya mezani kwenye galoni ya maji, tukaiacha ikiwa mbichi dakika zake zote, watoto wakisubiri nje ya mlango.